Maswali ya Wasomaji: Kabla ya kununua diski, uliza imetoka kwenye mkanda gani

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi tuliyonayo, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Filamu za zamani za mataifa mbalimbali zinasafishwa na kutolewa upya katika diski. Nyingine tayari ziko sokoni, nyingine zinatangazwa kila mwezi. Msomaji aliyeko Afrika Mashariki au Ghuba azipate vipi, na atajuaje kwamba nakala anayoilipia inastahili fedha yake? Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Ndugu Mhariri, kaka yangu anayeishi Marekani alipokuja likizo aliniletea diski ya Blu-ray yenye filamu za Senegal. Deki yangu, niliyoinunua Kariakoo, inasoma diski zote isipokuwa hiyo; inaandika kwenye kioo kwamba diski si ya eneo hili. Je, deki ni mbovu au diski ni feki? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndugu yangu, deki yako ni nzima na diski ya kaka yako ni halali. Kilichozifanya zisielewane ni alama ya eneo. Kampuni inayotoa filamu kwa kawaida huwa imenunua haki ya kuiuza katika nchi fulani tu, na ili diski ya nchi moja isiingie katika soko la mwingine, watengenezaji waliigawa dunia katika mafungu na kuziwekea deki kufuli kulingana na mafungu hayo. Kwa upande wa Blu-ray, yaani diski zenye picha safi kuliko DVD, mafungu ni matatu: A ni Amerika yote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni India, China, Urusi na Asia ya Kati. DVD za kawaida zina mgawanyo wake mwingine, ambao unatuweka sisi Afrika Mashariki katika eneo la 5 pamoja na India na Urusi, huku Ulaya ikiwa eneo la 2 na Marekani eneo la 1. Kwa hiyo diski yako ni ya A na deki yako ni ya B.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui, na ambalo lingewaokolea fedha, ni kwamba katika Blu-ray sisi tuko fungu moja na Uingereza. Filamu ileile ya zamani mara nyingi hutolewa na kampuni moja Marekani na nyingine Uingereza, kwa hiyo kabla ya kumwagiza ndugu wa Chicago, tazama kwanza kama ndugu wa London anaweza kuipata. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, pamoja na kampuni kama Eureka, Arrow na Second Run, hutoa filamu za aina hii kwa wingi, na diski zao nyingi ama ni za B ama hazina kufuli kabisa. Nyuma ya kasha, karibu na alama za mistari ya bei, utakuta herufi ndogo ndani ya alama yenye pembe sita au umbo la dunia. Mwombe ndugu yako apige picha hapo na akutumie kabla hajalipa.

Njia nyingine ni kununua deki inayosoma maeneo yote. Zipo, lakini ukiinunua Marekani hakikisha inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa sababu deki ya volti 120 peke yake ukiichomeka kwenye soketi yetu utasikia harufu ya kuungua kabla hujaona picha. Diski mpya za 4K (neno hilo nimelieleza hapo chini) zenyewe huwa hazifungwi kwa eneo, ila zinahitaji deki yake maalumu, na katika makasha yenye diski mbili ile ya 4K inaweza kuwa huru huku mwenzake wa Blu-ray akiwa amefungwa.

Mhariri, ninafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita. Natamani wanafunzi wangu waone filamu za Ousmane Sembène, lakini nakala niliyopewa kwenye flashi ina chenga, rangi zimepauka na maandishi ya tafsiri hayasomeki. Zipo nakala nzuri? Na nianze na ipi? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, zipo, na ni neema ya miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu Sembène, mwandishi na mwongozaji wa Senegal aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923 na kufariki Dakar mwaka 2007, alikuwa mtu anayetajwa katika kila kitabu cha filamu za Afrika huku kazi zake zenyewe zikizunguka katika nakala kama hiyo uliyopewa. Kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa La Noire de… mwaka 2017, ikaongeza humo Borom Sarret, ile filamu fupi ya mwaka 1963 kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Ikatoa Mandabi mwaka 2021. Kisha mwaka 2024 ikatoa tatu katika kasha moja, yaani Emitaï, Xala na Ceddo. Hizo zote ni za eneo A, kwa hiyo soma kwanza jibu nililompa msomaji wa Dar es Salaam. Habari njema ni kwamba BFI ilitoa La Noire de… na Borom Sarret pamoja mwaka 2015, na Mandabi nayo ina toleo la Uingereza.

Anza na Mandabi, na sababu yangu si ya kiufundi. Hadithi yake unaifahamu hata kama hujaiona filamu, kwa sababu ndiyo iliyomfikia Amandina Lihamba akaiandikia tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili na watoto saba, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Barua inaposomwa, Sembène anatuonyesha kijana mwenyewe akifagia barabara za Paris, na hesabu inatolewa: 20,000 zihifadhiwe, 3,000 apewe mama yake kijana, na 2,000 tu ndizo za mjomba. Lakini mtaa mzima umeshasikia 25,000. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo Dieng haijui. Mwanafunzi akiwa na tamthilia mkononi na filamu mbele yake, utaweza kumfundisha katika vipindi viwili tofauti kati ya jukwaa na kamera ambayo kwa maneno matupu ungeifundisha muhula mzima.

Na hapa ndipo nakala nzuri inapofanya kazi ambayo flashi yako haiwezi. Filamu inaanza na vinyozi chini ya mti wakinyoa vichwa, na kinyozi anaingiza ncha ya wembe ndani ya pua ya mteja kumwondolea vinywele. Katika nakala mbovu unaona watu wamekaa. Katika nakala iliyorejeshwa unauona wembe, unaiona ngozi inavyovutwa, unamwona mteja alivyotulia kimya kwa raha, na baadaye Dieng anapopita mitaani katika kanzu yake pana ya buluu unatambua kwamba mtu huyu anajipenda na anapenda kuheshimiwa, jambo ambalo ndilo litakalomponza. Rangi za vitambaa katika Mandabi ni sehemu ya masimulizi. Zikipauka, masimulizi nayo yamepungua.

La Noire de…, ambayo ni ya mwaka 1966, inafuata vizuri. Ni ya dakika 60 hivi, na inamhusu Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda Antibes akidhani anakwenda kulea watoto, kumbe anakwenda kufungiwa jikoni. Wanafunzi wenye dada au shangazi waliokwenda kufanya kazi za ndani ughaibuni hawatahitaji maelezo mengi, ila nakuomba uitazame mwenyewe kwanza, maana mwisho wake ni mzito. Ceddo iache kwa kidato cha sita. Ukiifikia, waambie pia kwamba ilizuiwa Senegal kwa miaka, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia, kwa kuwa Rais Senghor alitaka neno hilo liandikwe kwa d moja na Sembène akashikilia mbili. Kwa mwalimu wa lugha, hicho ni kipindi kizima.

Tatizo linalobaki ni tafsiri. Diski hizi zina maandishi ya Kiingereza, si ya Kiswahili. Nashauri ufanye walivyokuwa wakifanya wafasiri wetu wa vibanda vya video, ambao walikaa na kipaza sauti pembeni ya televisheni wakiigeuza filamu kwa Kiswahili papo hapo: simamisha, simulia, endelea. Hilo halimvunjii heshima Sembène hata kidogo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa mwandishi wa riwaya, aligeukia filamu kwa sababu alitaka kuwafikia watu wasiosoma Kifaransa.

Naona neno "4K" kwenye makasha ya filamu za miaka ya 1950. Filamu ilipigwa kabla babu yangu hajaoa. Itakuwaje na ubora wa kisasa? Na kwa nini diski moja iuzwe bei ya chakula cha wiki? (Mwanafunzi, Nairobi)

Ubora huo ulikuwemo tangu siku ya kwanza, ila hatukuwa na chombo cha kuutoa. Mkanda wa filamu wa milimita 35 umebeba undani mwingi kuliko televisheni yoyote ya zamani ilivyoweza kuonyesha, na 4K maana yake ni kwamba kila picha ya mkanda imesomwa kwa mashine kwa nukta zipatazo 4,000 kwa upana. Swali la maana ni mkanda gani uliosomwa. Negativu iliyotoka kwenye kamera ndiyo mama. Kutoka kwake hutolewa nakala ya kati, na kutoka hiyo hutolewa nakala za majumba ya sinema. Kila hatua ni kama fotokopi ya fotokopi. Kampuni ikisoma kwa 4K nakala iliyochakaa ya jumba la sinema, itakuuzia mikwaruzo iliyo wazi zaidi.

Kuhusu bei, nikupe mfano mmoja ambao mimi binafsi kila nikiukumbuka sioni tena uchungu wa kulipa. Satyajit Ray wa Kolkata alitengeneza filamu tatu zinazomfuata mtoto wa kijijini aitwaye Apu: Pather Panchali mwaka 1955, Aparajito mwaka 1956 na Apur Sansar mwaka 1959. Ray alifariki Aprili 1992, wiki chache baada ya kupewa Oscar ya heshima akiwa kitandani hospitalini. Mwaka uliofuata, Julai 1993, maabara ya filamu London iliyokuwa ikizitunza negativu hizo iliungua. Kilichobaki kilikuwa mapande yaliyoungua kingo, yaliyojikunja na kukauka mpaka yanavunjika kama karatasi iliyokaa juani. Mtu mwingine angeyatupa. Hifadhi ya filamu ya Academy, ile taasisi inayotoa Oscar, huko Los Angeles iliyachukua ikayaweka, ingawa hapakuwa na mashine duniani iliyoweza kuyapitisha.

Yalikaa hapo takribani miaka 20. Kisha Criterion na Academy waliyapeleka kwa mafundi wa L'Immagine Ritrovata mjini Bologna, Italia, ambao waliyarudishia unyevu ili yakubali kukunjuka, wakaondoa kwa mkono gundi na vipande vya utepe vilivyoyeyuka, wakatengeneza upya matundu ya pembeni moja baada ya jingine. Kazi ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000. Mwishowe asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito ilitokana na negativu hizo zilizoungua, na sehemu zilizobaki, pamoja na Apur Sansar, zikatolewa kwenye nakala nyingine zilizotafutwa katika hifadhi mbalimbali. Diski zilitoka Novemba 2015. Ukizitazama, Apu na dada yake Durga wanapokimbia katikati ya majani marefu kwenda kuliona treni, huwezi kuonyesha kwa kidole kipande gani kilipita motoni.

Kwa hiyo soma maelezo ya kasha kabla ya kutazama bei. Likisema picha imetoka kwenye negativu ya kamera, na likataja hifadhi au maabara iliyofanya kazi, hiyo ni dalili njema. Likisema tu "imesafishwa kidijitali" bila kusema kutoka wapi na na nani, subiri. Pia usichukie chembechembe ndogondogo zinazocheza kwenye picha. Hizo si chenga za televisheni, ndiyo ngozi ya filamu yenyewe. Wapo wanaozifuta zote kwa kompyuta, na matokeo yake nyuso za watu zinakuwa kama za nta. Diski ya namna hiyo mimi siinunui hata ikishushwa bei.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimekuwa Muscat tangu ujana. Tulikua na senema za Kihindi: Awara tuliiona mpaka nyimbo tukaziimba bila kujua Kihindi, na Sholay baadaye. Diski nilizonazo zina nembo ya kampuni pembeni mwa picha na nyimbo nyingine zimekatwa. Nasikia zinatengenezwa upya. Nitajuaje zinapotoka? (Mzee wa Muscat)

Wa alaykumu salaam, na shikamoo mzee wangu. Ni kweli ulivyosikia. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilionyeshwa Toronto mwaka 2024 ikiwa imerejeshwa. Sholay, ya mwaka 1975, ilirejeshwa na Film Heritage Foundation ya Mumbai, na tarehe 27 Juni 2025 ikaonyeshwa usiku katika uwanja wa wazi wa Piazza Maggiore, Bologna, mbele ya umati. Tena ilionyeshwa na mwisho wake wa asili. Ule ulioujua wewe, ambapo polisi wanafika na kumzuia Thakur asimuue jambazi Gabbar, uliwekwa kwa shinikizo la wakaguzi wa filamu wa wakati ule. Katika mwisho alioutaka mwongozaji Ramesh Sippy, Thakur aliyekatwa mikono anamaliza kisasi chake mwenyewe kwa miguu.

Njia ya kujua ni kufuata safari ya filamu, kwa kuwa karibu zote hupita njia moja. Filamu iliyorejeshwa huonekana kwanza katika tamasha, hasa Cannes mwezi wa Mei au Bologna mwezi wa Juni. Kisha hupita katika majumba ya sinema. Na diski hufuata, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi. Orodha ya Bologna ya mwaka huu ni kama kalenda ya diski za miaka miwili ijayo. Criterion kwa kawaida hutangaza katikati ya mwezi diski zitakazotoka miezi mitatu baadaye, na kampuni za Uingereza nazo hutangaza miezi kadhaa mapema. Muuzaji akikuambia leo ana diski mpya ya filamu ambayo kampuni yenye haki haijaitangaza, huyo amechoma nakala nyumbani kwake.

Oman iko fungu B kwa Blu-ray, kama sisi, lakini kwa DVD ninyi mko eneo la 2. Diski ya India nayo itazame kwanza alama yake. Na ikitangazwa Sholay, hakikisha kasha linataja mwisho wa asili. Diski za zamani zilizovalishwa kasha jipya zitakuwepo nyingi.

Diski zangu zinaota madoa meupe kama ukungu. Naishi karibu na bahari. (Mama wa Mombasa)

Ni kuvu, mama, na unyevu wa pwani ndio unaoilisha. Osha diski kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Zikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye kasha, zisimame wima kabatini, mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nje. Vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, vitie kabatini.

Marehemu baba yetu alifanya kazi katika gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini. Ameacha makopo saba ya filamu chini ya ngazi. Yana harufu kali kama siki na wifi anataka yatupwe. Je, yanaweza kugeuzwa diski? Na filamu zetu wenyewe, zitatolewa lini kama hizo za Senegal? (Familia, Moshi)

Tafadhalini msitupe. Hata Sambizanga ya Sarah Maldoror, iliyopigwa Kongo-Brazzaville mwaka 1972 kuhusu mapambano ya Angola, ilipatikana kwa diski mwaka 2022 kwa sababu makopo yake yalikuwa yametunzwa mahali fulani. Kazi hiyo ilifanyika chini ya mpango wa urithi wa filamu za Afrika ulioanzishwa mwaka 2017 na Film Foundation ya mwongozaji Martin Scorsese pamoja na UNESCO na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI, kwa lengo la kuanzia la filamu 50. Mpango wa namna hiyo hauwezi kurejesha kisichokuwepo. Natamani sana siku moja niione Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 au Saikati ya Anne Mungai ya mwaka 1992 katika kasha kama lile la Sembène, na maandishi ya tafsiri yawe ya lugha nyingine, kwa kuwa Kiswahili tutakuwa tunakisikia.

Harufu ya siki ni dalili kwamba mkanda wenyewe unaoza, na mvuke wake huambukiza jirani. Yatengeni makopo yanayonuka na yasiyonuka. Fungueni kila moja mahali penye hewa, mbali na moto, mtazame ukingo wa mkanda: likiandikwa SAFETY, hatari ya kulipuka hakuna, likiandikwa NITRATE, funikeni kopo, mlitoe nje ya nyumba na muombe msaada mara moja, maana mkanda wa aina hiyo huwaka kwa kasi na hauzimiki kwa maji. Msiupitishe kwenye projekta hata mara moja kwa hamu ya kumwona marehemu alivyokuwa akionyesha, kwa kuwa mkanda uliosinyaa hupasuka matundu na hauna wa pili. Msiuoshe. Msiufunge kwenye mfuko wa plastiki. Laza makopo, yasisimame, katika chumba chenye ubaridi na ukavu kuliko vyote.

Kisha andikeni kila neno lililopo juu ya kila kopo, hata namba msizozielewa, mpige picha, mpeleke orodha hiyo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nakala yake nitumieni mimi. Mkanda wa milimita 16 unaweza kusomwa na kuwekwa kwenye diski, lakini si kazi ya fundi wa video wa mtaani, hata akiwaahidi kuimaliza siku hiyohiyo. Na chini ya ngazi yatoeni wiki hii, kabla mvua za masika hazijaanza.